Swali Nililomjibia Fundi

Ukimpa Fundi saa yako hakukupa risiti. Hakuandika jina lako, wala hakufunga kikaratasi kwenye mkanda. Aliiweka sikioni, akafumba macho kidogo, kisha akaitia katika mkebe wa biskuti pamoja na nyingine na kukwambia urudi siku fulani. Wageni waliingiwa na wasiwasi. Sisi wa mtaa wa Kuze, hapa Mombasa, hatukuwa nao, maana tulijua hata ukirudi baada ya mwaka atakupa saa yako mwenyewe, na atakwambia mara ya mwisho uliileta lini, ilikuwa na ugonjwa gani, na ulikuwa umefuatana na nani.

Mama yangu alipokufa nilimpelekea Fundi saa yake ndogo ya mkononi iliyokuwa imesimama. Aliifungua akaitazama kwa ile lenzi yake ya jicho moja. "Hii nalitia springi mwaka ule mlipobadilisha dari," akasema. "Alikuja nayo Jumatano, ana haraka, ana samaki mkononi." Nililia pale pale mbele ya meza yake. Hakunikataza kulia. Aliendelea na kazi, na nilipomaliza alikuwa amemaliza.

Nataka ijulikane tangu mwanzo kwamba mtu huyu hakuwa msahaulifu. Naandika kwa ajili ya jambo hilo moja.

Duka lake lilikuwa chini ya ngazi ya nyumba inayotazamana na yetu, upana wake mlango mmoja na nusu. Yeye mwenyewe hakuvaa saa. Watu walimtania kwa hilo, naye alijibu kila mara kwamba saa ni ya mtu mwenye kwenda kwenye miadi, na miadi yake yeye yote ilikuwa inakuja pale pale alipokaa. Alijua wakati kwa kusikiliza. Saa zilizokuwa ukutani hazikwenda pamoja hata siku moja, na ukimwuliza saa ngapi alizisikiliza zote, kisha akakutajia wakati ambao hata moja kati yao haikuonyesha, na ndio uliokuwa sahihi.

Alikuwa mkali kwa vitu vidogo. Bisibisi yake hakumwazima mtu. Aliwahi kumrudishia tajiri mmoja saa yake ya thamani bila kuitengeneza, kwa sababu alimpigia mluzi kutoka kwenye gari badala ya kushuka na kutoa salamu. Lakini nilimwona akikaa asubuhi nzima na saa ya plastiki ya mtoto wa shule, saa isiyostahili hata kufunguliwa, mpaka ikaenda. Alikuwa na subira na vyuma kuliko na watu, na alilijua hilo. Chakula chake cha mchana alikila alasiri, baridi. Marehemu mkewe alikuwa akisema ameolewa na saa mia na hakuna hata moja inayomkumbusha mumewe kula.

Alikuwa pia na mambo tuliyoyaita mikogo yake. Kwenye harusi, hakukaa karibu na maspika. Aliingia, akapeana mikono, akahamia upande wa mbali kabisa, na watu wakasema Fundi hapendi taarabu. Simu aliishika upande wa kulia tu, na hakuitia katika mfuko wa kifuani hata mara moja. Akienda kupanda feri, pale penye mlango wa ukaguzi, alimnong'oneza askari neno, naye akapitishwa pembeni na kupapaswa kwa mikono. Tulidhani anajuana na wakubwa. Kila mwaka alikwenda Nairobi siku mbili kununua vipuri, akarudi na vipuri vya kujaa kiganja, ambavyo angeweza kuvipata nyuma ya soko la Marikiti. Na zamani kidogo alikuwa amesafiri kwenda India. Alisema alikwenda kutazamwa macho, akarudi na miwani ile ile.

Yote hayo tuliyaona, nami niliyaona kuliko wengine kwa sababu dirisha letu lilitazama mlango wake. Niliyaona miaka mingi, na sikuuliza.

Mimi ni mwosha vyombo vya upasuaji katika hospitali moja ya hapa kisiwani. Shule niliachia darasa la nane. Vyombo vikitoka thieta vinakuja kwangu na damu yake, mimi naviosha, navihesabu, navipanga katika sinia na kuviingiza katika mashine ya mvuke. Si kazi ya kutajwa, lakini nilikuwa najivunia. Kuze walikuwa wakinisalimu "daktari" kwa utani, na mimi nilicheka kama mtu asiyependa, huku napenda.

Mwaka mmoja daktari wetu wa upasuaji alileta vyombo vipya. Daktari huyu ni Mkristo wa bara, amekaa Mombasa hata anagombana na wauza kahawa kwa lafudhi yetu. Alikuwa akifanya upasuaji wa matundu, ambao tumbo halipasuliwi bali linatobolewa sehemu nne ndogo, kamera inaingia tundu moja na vyombo vinaingia mengine. Vyombo hivi vipya vilipunguza matundu. Kibanio kidogo kiliingizwa ndani, kikabana mfuko wa nyongo, kikaachwa huko huko bila mpini. Kisha juu ya ngozi ya tumbo ikaletwa sumaku kubwa yenye mkono wake. Daktari akiipeleka sumaku huku nje, kibanio kule ndani kinaifuata, kinainua mfuko na kuuvuta pembeni. Nilisimama mlangoni siku ya kwanza nikaangalia kwenye kioo cha kamera. Hakuna kilichokuwa kinakigusa kile kibanio, nacho kilikuwa kinakwenda.

Sista wa thieta aliniambia sanduku la sumaku likae rafu yake peke yake, mbali na vyombo vingine. Nilisikia. Lakini rafu ile ilikuwa juu, sanduku ni zito, nami nikaliweka chini siku mbili karibu na sinia la vyombo vidogo vya chuma. Siku ya tatu sindano za kushonea zilikuwa zinarukia mikasi. Ukizishika kwa koleo haziachii. Sista alikasirika, akasema lazima viagizwe vingine. Nikamwambia ninaye mtu.

Vile vyombo nilimpelekea Fundi vimefungwa kwenye kitambaa. Mafundi wa saa wana kifaa cha kutoa sumaku, kwa sababu saa iliyoingia sumaku huenda mbio. Chake kilikuwa kisanduku cha buluu chenye tundu katikati na kitufe juu. Alikitoa kwenye rafu ya mwisho, akakisukuma mpaka upande wangu wa meza kwa kijiti, kisha akaondoka akasimama mlangoni, nje kabisa, ameipa meza mgongo.

"Bonyeza," akasema kutoka huko. "Pitisha mkasi polepole. Utoe mbali, mbali zaidi, ndipo uachie."

Nilifanya hivyo kwa kila kimoja. Nilidhani ananifunza. Nilijiona nimepewa heshima ambayo hakumpa mtu, mimi ambaye hata bisibisi yake sikuwahi kuazimwa. Nilirudi kazini kichwa juu, vyombo vikapita tena katika mashine ya mvuke, na sindano zikatulia.

Daktari alikuja mwenyewe kumshukuru. Walikunywa kahawa pale mlangoni, na nikaona jambo nililokuwa sijaliona, Fundi akimsikiliza mtu kama anavyosikiliza saa. Alimweleza daktari habari ya saa kubwa ya msikiti, ile ya kutia ufunguo, ambayo yeye ndiye aliyekuwa akiitia kila Ijumaa kwa miaka zaidi ya thelathini. Miaka ile ya mwanzo skurubu iliwahi kudondoka ndani ya kabati lake, nyuma ya uso wa saa, na kuifungua kungechukua siku nzima. Akachukua sumaku, akaipitisha nje juu ya mbao, akaikokota skurubu ndani kwa ndani mpaka penye kidirisha, akaichukua.

"Basi wewe ulitutangulia," daktari akasema.

Fundi akacheka. Kisha akauliza nguvu ya sumaku yao inafika wapi. Daktari akampimia kwa mikono. Fundi akauliza, na mgonjwa akiwa na chuma ndani yake?

"Ndiyo maana tunauliza kwanza. Kila mgonjwa anaulizwa."

"Vizuri," Fundi akasema. "Mtu aulizwe."

Maneno hayo mawili nimeyarudia rohoni mara nyingi. Siku ile niliyapita tu, nikakusanya vikombe.

Mkewe alikufa mwaka uliofuata. Baadaye Fundi mwenyewe akawa hawezi. Akila chenye mafuta, ubavu wa kulia ulimkamata hata akainama juu ya meza. Picha ikaonyesha mawe katika mfuko wa nyongo. Daktari akasema watayatoa kwa matundu, na kwa kuwa maumivu yalizidi ghafla, akaingizwa katika orodha ya siku ile ile. Mimi ndiye niliyempeleka. Nilikuwa na sare yangu ya kazi, nikampitisha mlango wa wafanyakazi, nikamtambulisha kwa kila mtu: huyu ni Fundi wetu, ndiye aliyeziokoa sindano.

Sista wa mapokezi alikuwa mgeni, msichana mpole wa bara mwenye fomu ndefu. Alikaa mbele yetu pamoja na sista mkubwa wa thieta, yule yule bosi wangu. Akaanza kuuliza. Fundi alijibu kama alivyofanya kila kitu, polepole, akitafuta kwanza ndani. Dawa gani anakunywa. Chakula gani kinamdhuru. Kisha sista akauliza kama ana chuma, mashine, au kitu chochote alichowahi kuwekwa mwilini.

Fundi akanyamaza. Akatazama mlango. Akamtazama yule sista mkubwa, akanitazama mimi. Kalamu ilikuwa inagonga fomu.

Nikacheka. Nikasema, "Huyu hana kitu, sista. Namjua tangu sijaota meno. Chuma chake chote kiko dukani."

Wakacheka wote wawili. Sista akaandika. Niliuona mkono wa Fundi ukiinuka kutoka gotini, kisha ukarudi. Nilidhani anatengeneza shuka alilojifunga.

Ningeweza kusema ilikuwa adabu. Watu wa kwetu wangenielewa: mwanamke hamkalii mzee wa kiume na kumsikiliza akitaja mambo ya mwili wake. Lakini haikuwa adabu. Nilitaka bosi wangu aone kwamba mtu aliyemletea sifa ni wangu, namjua nje na ndani, hata jibu lake ninalo mimi. Nilikuwa najionyesha. Hakuna neno jingine.

Na bado haikwisha hapo. Wakati wa kumsukuma, Fundi alinishika mkono akasema anataka kuonana na daktari, wao wawili tu. Nikamwambia daktari yuko ndani, mtaonana huko huko, usiwe na hofu. Nilimpigapiga bega kama mtoto.

Ndani ya thieta nilikuwa nimelileta sanduku la sumaku kwenye toroli, na kifuniko nilikuwa nimekifungua. Yule anayewatia wagonjwa usingizi alimfunua Fundi kifua ili amtie plasta za nyaya za kupimia moyo. Akasimama. Chini ya mfupa wa bega la kushoto palikuwa na kovu la zamani, na chini ya kovu kitu kimeinuka, ukubwa wa saa ya mfukoni.

"Mzee, hii nini?"

"Saa," Fundi akasema.

Ilikuwa mashine ya kuendesha moyo. Alitiwa India, ile safari ya macho. Daktari alikuja haraka, akaigusa kwa vidole viwili, kisha bila kugeuka akasema sanduku litolewe nje. Nililifunga, nikalibeba. Kutoka toroli mpaka kifua chake hazikupita hatua nne. Nikasimama kwenye ujia nimelikumbatia, na hakuna aliyeniambia niliweke wapi, basi nikaendelea kulishika mpaka mikono ikafa ganzi.

Baadaye daktari alinieleza. Sumaku ikiisogelea mashine ile, mashine inaacha kuusikiliza moyo, inapiga mapigo yake yenyewe tu, moyo uwe unasema hivi au vile. Pengine asingepata dhara. Pengine angepata. Alimfanyia kwa njia ya zamani, matundu manne, na Fundi akapona.

Jioni yake daktari alikwenda kitandani kwake na sista mkubwa. Mimi nilisimama miguuni pa kitanda. Daktari hakuwa na hasira, alitaka kujua tu. Akamwuliza, mzee wangu, uliulizwa, mbona hukusema?

Fundi hakunitazama. Akasema, "Nalisahau."

Sista mkubwa akatikisa kichwa kwa huruma, wazee ndivyo walivyo. Ikaandikwa kwenye faili kwamba mgonjwa alisahau. Mimi nilikuwa pale, umbali wa mkono. Ningesema neno moja. Nililitazama shuka la kitanda, nikalinyoosha.

Habari hii haikukaa hospitali. Mbeba wagonjwa mmoja aliisimulia kwenye baraza ya kahawa ya pale kwetu, na sikatai kwamba inachekesha: fundi wa saa kasahau saa iliyo kifuani mwake. Ilizunguka Kuze kabla Fundi hajatolewa nyuzi. Aliporudi dukani walimpokea nayo.

"Fundi, na yangu usije ukaimeza."

"Yakhe, mwacheni. Muulizeni kwanza kama anakumbuka nyumbani kwake."

Fundi alicheka pamoja nao. Alikuwa anacheka vizuri, mabega yote. Mimi nilikuwa dirishani.

Mzaha ulikwenda, ukaacha kitu nyuma. Nilianza kukiona kwenye ule mkebe wa biskuti. Watu walioleta saa zao walianza kuzifunga vikaratasi wenyewe, jina na simu, kwa uzi. Hawakusema neno, walizifunga tu, kwa upole, wakampa. Fundi alizipokea. Nilimwona siku moja ameuinua mkanda wa saa wenye karatasi, anausoma, na ile saa nadhani alikuwa ameshaitengeneza mara nne. Kisha saa zikapungua. Vijana wakasema kuna duka karibu na Marikiti wanakupa risiti.

Halafu ikaja ile ya msikiti. Watu wa kamati walikwenda kwake baada ya alasiri, watatu, wakakaa, wakamwuliza hali. Wakamwambia amefanya kazi kubwa, sasa apumzike, ufunguo wa saa watamkabidhi mwingine. Hawakutaja kusahau. Muuza kahawa ndiye aliyeniambia, na aliniambia kwa masikitiko, kwamba waliogopa Ijumaa moja asije akasahau kuitia, watu wakaswali nje ya wakati. Fundi aliutoa ufunguo kutoka shingoni. Ulikuwa kwenye kamba, chini ya shati, upande wa kulia.

Ijumaa zilizofuata, saa yake ya kwenda kutia ufunguo ikifika, alisimama dukani. Alisimama tu kitambo, kisha akakaa.

Hapo ndipo ningezungumza. Baraza ile ninaipita mara mbili kila siku, kwenda kazini na kurudi. Wale wazee ni baba zangu na wajomba zangu. Nisingepigwa, nisingefukuzwa. Pengine kazini ningeandikiwa barua. Nilikuwa na kifungu changu tayari, nilikipanga kama ninavyopanga sinia: Fundi hakusahau, alitaka kusema, mimi ndiye niliyejibu. Nilikibeba mpaka usawa wa baraza, nikasema "masalkheri," wakaitikia "masalkheri daktari," nikapita nacho.

Fundi alifariki kabla ya Ramadhani iliyopita, kitandani mwake, bila maumivu. Matanga yalikuwa makubwa. Nilipika, niliosha masufuria, nilikaa na wanawake wenzangu, na nikasikia wakimsifu. Alikuwa mtu mzuri, walisema, mkweli, mtaratibu, ila mwisho alisahausahau. Mmoja akaniuliza mimi, maana mimi ndiye jirani. Si ndiyo, alikuwa akisahau? Nilikuwa na karai la mchele mikononi. Nikasema, uzee.

Ndivyo nilivyosema. Sina la kujitetea.

Sasa nieleze mara ya mwisho nilipotoka naye.

Ilikuwa miezi michache kabla hajafa. Betri ya mashine yake ilikuwa inakaribia ukomo, na kwa kuwa siri haikuwapo tena, haikumpasa kwenda Nairobi kwa vipuri. Kulikuwa na kliniki ya moyo hapa hapa. Alinigongea mlango mwenyewe asubuhi, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, akaniuliza kama nina nafasi ya kumsindikiza.

Tulikaa kwenye benchi la kungojea. Palikuwa na saa ya ukutani mbele yetu, aliitazama akasema inachelewa dakika tatu. Nikaona nikingoja kidogo sitasema tena.

"Fundi," nikamwambia, "siku ile ya fomu. Mimi ndiye niliyesema huna kitu."

"Nalikuwapo," akasema.

Nikamwuliza mbona hakunikanusha.

"Mbele ya bosi wako?" Alilisema kama jambo ambalo halikuhitaji kuulizwa. "Umeshasema unanijua tangu hujaota meno. Nikwambie mbele yao hunijui?"

"Ungekufa."

"Nilikusudia kumwambia daktari tukiwa wawili. Hukuniitia. Halafu nikaona watanifunua kifua tu. Nilihesabu hivyo. Nililala pale nahesabu, sumaku iko wapi, kifua kiko wapi."

Nikamwuliza kwa nini alificha miaka yote ile, mkewe tu ndiye ajue. Akasema watu wakijua una saa kifuani kila wakikuona watataka kujua imebaki muda gani, na yeye alitosheka kuulizwa hilo juu ya saa zao.

Nikamwambia nitakwenda barazani leo leo, nitawaambia wote, na watu wa kamati nitawaambia. Nilikuwa nalia. Akanitazama kwa mashaka, kama mtu aliyeletewa saa aliyokwisha kuikatia tamaa.

"Usende leo," akasema. "Ukiwaambia watakuja wote kuniomba radhi, na mimi nyumbani sina mtu wa kuwapikia kahawa. Utawaambia nikiwa sipo."

Nikasema inshallah. Na nitasema ukweli wote: moyo wangu ulishuka, nikapumua. Nilifurahi kupewa muda. Mzee ananipa ruhusa ya kumwacha abaki msahaulifu mpaka afe, nami nikaipokea kama zawadi.

Tukaitwa. Sista wa kliniki alikuwa mtu mzima, mchangamfu, na fomu yake ilikuwa ndefu kuliko ile ya kwanza. Alipomwona Fundi amekonda na mimi nimevaa sare, alifanya kama watu wote wanavyofanya, akaigeuza kalamu upande wangu.

"Huyu mzee ana mashine? Alitiwa lini?"

Nilikuwa najua baadhi ya majibu sasa. Yalikuwa yamenifika ulimini.

"Mwulize mwenyewe," nikasema.

Sista akamgeukia. Fundi akakaa sawa, akaweka mikono magotini, akanyamaza kama alivyozoea, na mara hii hakuna aliyemkatiza. Kisha akaanza. Alitaja mwaka na mwezi, na siku ilikuwa Jumatatu. Alitaja mji na jina la daktari, na kwamba daktari yule alikuwa na mkono wa baridi. Alitaja mapigo ambayo mashine iliwekewa mwanzo, na mwaka ilipobadilishwa betri mara ya kwanza, na ile waya iliyosumbua, upande gani. Alitaja kila safari ya Nairobi kwa mpangilio, na kipimo alichopewa kila mara. Sista aliandika mpaka nafasi ikaisha, akageuza karatasi, akaandika nyuma.

Alipomaliza aliishusha kalamu. "Mzee, wewe husahau kitu?"

Fundi hakunitazama, kama vile hakunitazama siku ile kitandani.

"Sisahau," akasema. "Andika na hilo."

Sista akacheka, akaifunga fomu. Hakuandika. Nimeandika mimi.